Kufuta ni Kufuta Nini? Kipakatalishi Kikongwe na Usakinishaji Upya wa Mfumo Endeshi

Kitenzi "futa" kimebebeshwa mzigo mzito katika matumizi ya tarakilishi. Mwalimu hufuta ubao na maandishi yakatoweka. Karani hufuta jina kwenye orodha na mwenye jina akabaki alipo. Vitendo hivi havilingani, ila katika kipakatalishi vyote viwili huitwa kufuta. Makala haya yanashikilia kwamba mkanganyiko huo unaweza kumpotezea mwanafunzi utafiti wa miaka miwili, au kuuacha mikononi mwa asiyehusika.

Na uchukuliwe mfano wa mwanafunzi wa fasihi simulizi aliyerekodi nyimbo za jando na za matanga, kwa ahadi kwa wazee kwamba zitatumika kwa masomo pekee. Kipakatalishi chake kina miaka kumi. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 inayokiendesha. Windows 11 nayo, kwa njia rasmi, hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo vipakatalishi vingi vya umri huo havina. Fundi anamshauri kwa neno moja: "Tufomati."

Kufomati, au kuumbiza kama wasemavyo wanaistilahi, huwa na sura mbili. Uumbizaji wa haraka katika diski inayozunguka, ambayo ndiyo iliyomo katika vipakatalishi vingi vikongwe, hugusa faharasa tu. Ni sawa na mkutubi anayechoma kadi zote za katalogi: msomaji hawezi tena kukipata kitabu, lakini kitabu kingali rafuni. Programu ya kurejesha faili huzunguka rafu moja baada ya nyingine na kukitoa. Uumbizaji kamili, tangu Windows Vista, huandika sufuri juu ya kila sehemu ya diski. Hapo kitabu chenyewe kimekwisha. Wa kwanza huchukua sekunde chache, wa pili saa kadhaa, na si ajabu kwamba fundi mwenye foleni ya wateja huchagua wa kwanza.

Hivyo basi, mwanafunzi aliyefomatiwa diski bila kuwa na nakala asikate tamaa mara moja. Aizime mashine na asihifadhi chochote humo, kwa kuwa kila faili mpya yaweza kukalia nafasi ya wimbo uliopotea. Kwa upande wa pili, anayeuza kipakatalishi kilichofomatiwa kwa haraka ameuza pia sauti za wazee wale. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, lakini hata pasipo sheria, ahadi ilikuwa imetolewa. Kiswahili tayari kina fungu la maneno linalofaa kutenganisha maana hizi: kuondoa kwenye faharasa kuitwe kufuta, na kuandika juu kuitwe kufutilia mbali. Hakuna haja ya kukopa. (Diski za kisasa zisizozunguka zina kanuni yake: kuandika juu hakufikii kila sehemu, hivyo hutumiwa amri maalumu ya kufutilia mbali iliyowekwa na mtengenezaji.)

Kabla ya hayo yote ni nakala, na hapa ndipo wengi huteleza. Nakala ambayo haijafunguliwa kwenye tarakilishi nyingine ni tumaini tu. Rekodi zichezwe, sura za tasnifu zifunguliwe, na ziwekwe mahali pawili, kwa mfano diski ya nje na hifadhi ya mtandaoni. Maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari husahaulika mno.

Usakinishaji wenyewe ni mwepesi kuliko sifa yake. Istilahi hii imechaguliwa vyema: "sakini" ni kukaa mahali, na kauli ya kutendesha hutupa "sakinisha", yaani kufanya kitu kikae. Mfumo hukalishwa katika diski, tofauti na "kupakia", ambako mzigo huweza kushushwa kesho. Kwa mashine kongwe, Linux Mint ni chaguo la busara: huhitaji angalau gigabaiti 2 za kumbukumbu na gigabaiti 20 za diski, na haina malipo. Imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo uliotolewa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mwanaisimu ataona mara moja kwamba jina hilo ni "utu" wa Kiswahili, ambao mzizi wake umedondosha n ya -ntu.

Mfumo huandikwa kwenye flashi, kipakatalishi kikawashwa kutoka humo, na ukaweza kujaribiwa kabla diski haijaguswa. Jaribio hilo lisirukwe. Ikiwa intaneti isiyo na waya haishiki, ni heri ijulikane wakati Windows ingali mahali pake na kiendeshi kinachokosekana chaweza kupakuliwa. Ikishika, na sauti ikatoka, na kibodi ikaandika, mwanafunzi huchagua kufuta diski nzima na kusakinisha. Kisakinishi kitatumia neno hilohilo la kufuta, na kwa mara nyingine kitakuwa kimegusa faharasa.