Mgongo wa Punda na Tandiko Lake

Sisi tunaotoka sehemu kavu za Dodoma tumemwona punda akibeba maji tangu utotoni, lakini ni wachache waliopata kumtazama mgongo baada ya kumtua mzigo. Mimi nilimtazama likizo ya Juni, nikaona haya. Punda wa bibi alikuwa na donda juu ya uti wa mgongo, pana kama kiganja, na kamba iliyomtia donda hilo niliifunga mimi mwenyewe.

Katika Fizikia tumefundishwa kwamba kanieneo ni kani kugawanywa kwa eneo. Madumu mawili ya lita 20 yana kilo 40 za maji, yaani nyutoni 400 hivi. Niliyaunganisha kwa kamba ya katani juu ya gunia moja jembamba, uzito wote ukakaa juu ya uti. Tuseme paliguswa sentimita za mraba 80 tu: kila moja ilibeba nyutoni 5. Mzigo uleule ukikalia mito miwili yenye sentimita za mraba 800, kila moja hubeba nusu nyutoni. (Mwalimu wetu hakutaja punda siku ile!)

Juu ya uti hakuna nyama, ni ngozi na mfupa. Ngozi ikibanwa muda mrefu damu haipiti, nayo hufa. Kwa sababu hiyo tandiko zuri la farasi huachiwa mfereji katikati, uzito ukae juu ya misuli ya pande mbili. Tandiko la McClellan, lililochukuliwa na jeshi la Marekani mwaka 1859, lilikuwa na uwazi kabisa hapo katikati. Punda naye mabega yake hayakuinuka kama ya farasi, basi mzigo humtelezea mbele akiteremka. Yafaa apitishiwe mkanda mpana nyuma ya mapaja.

Nilishona mito miwili ya magunia, nikaijaza nyasi kavu na kuiunga, nikiacha nafasi ya vidole vinne katikati. Bibi alicheka: "Mume wangu, tangu lini punda akatandikiwa godoro?" Lakini tulimpumzisha mpaka donda likapona, na siku zote hizo mdogo wangu wa kike alibeba ndoo kichwani kabla ya kwenda shule.

Punda alipoanza kazi tena, nilimfungua nikatazama jasho. Pakavu chini ya mto, katikati ya jasho, ni dalili kwamba hapo panabanwa. Upande wa kushoto palikuwapo padogo, nikapunguza nyasi.