Nyimbo kwenye flashi zinajipanga ovyo

SWALI: Naendesha bajaji Mbagala Rangi Tatu. Nimeandika namba mbele ya kila wimbo kwenye flashi, lakini redio inazipiga inavyotaka. Tena nyimbo za Sikinde zinasikika kwa mbali, ikija Bongo Fleva abiria wanashtuka. Nifanyeje?
Msomaji, Temeke

JIBU: Ndugu yangu, redio yako si mbovu. Redio nyingi za bei nafuu haziangalii majina. Hufuata mpangilio ambao mafaili yaliingia nao kwenye flashi. Ndiyo maana kubadili majina baadaye hakukusaidia. Hifadhi nyimbo zote kwenye kompyuta, zipe namba za tarakimu tatu (001, 002), kisha fomati flashi kwa mfumo wa FAT32, maana nyingi kati ya redio hizi hazitambui mfumo wa exFAT. Halafu nakili upya, wimbo mmoja mmoja, kwa kufuata namba. Kazi inachosha, lakini ndiyo inayotibu.

Kuhusu sauti, usihangaike na ikwalaiza. Sikinde, yaani Mlimani Park, ilianza 1978, enzi za kurekodi kwa mkanda. Lakini sauti ya Bongo Fleva ya leo husukumwa studio hadi kiwango cha juu kabisa. Tumia MP3Gain, programu ya bure. Inarekebisha sauti ndani ya faili lenyewe, hivyo redio yoyote itatii. Iache kwenye desibeli 89.

Kama huna kompyuta, mwombe kijana wa kibanda cha kuingiza nyimbo akufanyie yote mawili, na asikuwekee mafaili ya M4A: redio nyingi za namna hiyo huyaruka.