Motokaa ya Dizeli Iliyopungukiwa na Nguvu

Katika wilaya nyingi za bara, gari la kijiji au la zahanati aghalabu ni gari la zamani la dizeli, na kazi yake si matembezi. Ndilo lipelekalo mgonjwa hospitali, ndilo lishushalo mahindi sokoni. Basi siku litakaposhindwa na kilima ambacho mwaka jana lilikipanda bila taabu, watu wengi wataingiwa na hofu, maana mama mwenye uchungu hawezi kungoja mpaka gari litengenezwe. Na neno la kwanza litokalo kwa mafundi wengi ni hili: "Pampu imekufa." Nasi twataka kuonyesha katika somo hili kwamba pampu yapasa kuwa ya mwisho kushukiwa, si ya kwanza, na kwamba mwenye gari aweza kujua mengi kwa macho yake, masikio yake na spana mbili tatu, kabla hajatoa fedha.

Kwanza yatupasa kufahamu jinsi injini hii ifanyavyo kazi. Rudolf Diesel, Mjerumani ambaye injini ilipewa jina lake, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka wa 1893, na injini yake ilifanikiwa katika majaribio ya Augsburg mwaka wa 1897. (Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka wa 1900, injini moja ya namna hii iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, hatuwashauri wasomaji kufanya hivyo katika gari la zahanati.) Haina plagi za kutoa cheche kama injini ya petroli. Hewa peke yake huingia katika silinda, pistoni huibana mpaka iwe kama sehemu moja ya ishirini ya ukubwa wake wa kwanza, na kwa kubanwa hivyo hupata joto lipitalo nyuzi 500 za sentigredi. Hapo pampu husukuma dizeli kidogo kupitia nozeli, nayo huwaka yenyewe.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mtafuta ugonjwa. Katika injini hizi za zamani, dereva akanyagapo mafuta haongezi hewa, aongeza dizeli tu. Kilo moja ya dizeli yahitaji karibu kilo 14 na nusu za hewa ili iungue yote, nayo ni hewa ya kujaza chumba cha mita mbili kwa mbili na nusu, chenye kimo cha mita mbili na nusu. Hewa ikipungua, dizeli haiungui yote, na masalio yake hutoka kuwa masizi. Dizeli ikipungua, hewa huwa tele na masizi hayapo. Kwa hiyo gari dhaifu litoalo moshi mweusi mara nyingi lina njaa ya hewa, na gari dhaifu lisilotoa moshi lina njaa ya dizeli. Pandeni kilima na mzigo, na mtu mmoja aketi nyuma atazame. Jaribio hili halina gharama, walakini ni mafundi wachache wanaolifanya.

Kabla ya kuishtaki injini, hakikisheni kwamba ndiyo yenye hatia. Baada ya mwendo wa maili chache bila kufunga breki nyingi, karibisheni mkono kila gurudumu. Lile lenye joto kuliko mengine breki yake imekamata. Ikiwa injini yanguruma zaidi lakini gari haliongezi mwendo, klachi ndiyo iliyokwisha. Tena, mtu akanyage kanyagio la mafuta mpaka chini hali injini imezimwa, na mwingine atazame mkono mdogo ulio juu ya pampu. Usipofika hata mwisho wake, waya umelegea, au zulia nene limelala chini ya kanyagio. Twajua magari yaliyofunguliwa pampu kwa sababu ya zulia.

Na nchi nayo ihesabiwe. Gari litokalo Dar es Salaam kwenda Njombe, palipo karibu mita 2,000 juu ya bahari, litakuta huko hewa nyepesi, iliyopungua karibu sehemu moja ya tano. Magari yenye tabo, yaani pangaboi la kuisukumia injini hewa, hayaoni shida sana. Bali Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, iliyoanza kutoka mwaka wa 1990 na ambayo wengi wetu twaijua, haina tabo. Litapungua nguvu na kutoa moshi kidogo, wala si ugonjwa.

Moshi ukiwa mweusi, anzeni na chujio la hewa. Litoeni, litazameni juani. Vumbi la barabara zetu laweza kuliziba kwa safari chache. Lipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Lile la karatasi lisioshwe kwa petroli, wala lisipigwe chini kwa nguvu likapasuka. Chunguzeni na bomba liletalo hewa, kwa kuwa nyigu hupenda kujenga humo, na panya huweka viota. Ikiwa gari lina tabo, tazameni mipira yake, maana ufa mdogo hutoa hewa yote iliyokwisha kusukumwa. Bomba la moshi lililobonyezwa na jiwe nalo huzuia pumzi. Msiendeshe gari bila chujio ati lipate hewa zaidi. Vumbi lile ni msasa, nalo litaila injini.

Moshi usipokuwapo, fuateni njia ya dizeli, na hapa ndipo penye mambo mengi. Chini ya chujio la dizeli pana skrubu ya kutolea maji. Ifungueni na kukinga chupa safi. Maji hukaa chini na dizeli huelea juu, kila mtu ataona. Chujio lenyewe likiwa halijulikani lilitiwa lini, litieni jipya, kwa maana bei yake ni ndogo mno kuliko ya pampu. Kisha sikilizeni tabia ya gari. Likienda vema maili kadhaa, likafifia, na baada ya kupumzika robo saa likaenda tena kama kwamba halikuwa na neno, shukuni uchafu ndani ya tanki: kutu au kipande cha kitambaa huvutwa mpaka mdomo wa bomba, na gari likisimama huanguka tena. Lakini dalili ile ile yaweza kutoka katika tundu la pumzi la tanki lililoziba. Fungueni kifuniko wakati gari linapofifia. Mkisikia hewa ikivutwa kwa sauti, na nguvu ikarudi, mmekwisha kupata jawabu.

Hewa yaweza kuingia pia bila tone moja la dizeli kuvuja. Katika magari mengi ya namna hii, pampu huvuta dizeli kutoka tanki kama mtu anywaye kwa mrija. Mrija wenye tundu humpa hewa, wala maji hayamwagiki. Alama yake ni gari kukawia kuwaka asubuhi. Tieni kipande cha mpira unaoonya ndani kabla ya pampu, mtazame mapovu.

Jaribio lililo bora kuliko yote ni la dumu. Chukueni dumu safi lenye dizeli njema, lifungeni imara mahali palipo juu kuliko pampu na mbali na bomba la moshi, na mpira wake uingie katika chujio jipya mahali pa bomba la tanki. Nguvu ikirudi, ugonjwa uko katika tanki au mabomba, na pampu haina kosa. Isiporudi, hapo sasa yafaa kumwita fundi wa nozeli.

Pengine dizeli yenyewe ni mbaya. Wako wauzaji waliochanganya mafuta ya taa, na serikali ya Tanzania ilianza mwaka wa 2010 kutia alama katika mafuta ili kuutambua udanganyifu huo. Mafuta ya taa ni mepesi, nayo pampu hulainishwa na dizeli ile ile ipitayo ndani yake. Basi hapo pampu hufa kweli.

Nozeli mbovu hujulikana kwa kulegeza nati ya bomba lake kidogo wakati injini inaponguruma polepole, moja baada ya moja. Ile ambayo ikilegezwa sauti haibadiliki, silinda yake haikuwa ikifanya kazi. Tumieni kitambaa na spana ndefu, msiweke mkono mbele, kwa kuwa dizeli itokayo kwa nguvu hupenya ngozi, na jeraha lile dogo laweza kumpotezea mtu kidole. Na katika magari mapya yenye bomba moja la kugawia nozeli zote, jaribio hili ni haramu kabisa.

Yuko fundi atakayesema aweza kuirudisha nguvu kwa kuzungusha skrubu ya pampu ili iongeze dizeli. Kweli gari litachangamka siku hiyo. Lakini hewa haikuongezwa. Moshi utakuwa mweusi, silinda zitapata joto kupita kiasi, na pistoni zaweza kuyeyuka. Mkataeni.

Iwapo yote yamekwisha kutazamwa, na gari lawaka kwa shida asubuhi, latoa moshi wa buluu, na kifuniko cha kutilia oili kikifunguliwa chapuliza moshi kwa kishindo, injini imelika. Fundi apime mbano wa kila silinda kwa kipimo chake, mbele yenu, na kuandika hesabu kwenye karatasi. Silinda moja ikiwa chini peke yake, yumkini ni vali. Zote zikiwa chini, ulizeni kwanza bei ya injini nyingine kabla hajafungua hata nati moja.