Mali bila Daftari: Lugha, Baraza na Uwajibikaji wa Serikali kwa Maskini

Utangulizi

Methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari ina harufu ya duka. Mwenye duka ndiye mwenye mali, na yeye mwenyewe au karani wake ndiye anayeandika daftari. Akitaka kujua faida na hasara yake, hulifungua akasoma. Methali haikuwa na haja ya kumtaja msomaji kwa kuwa msomaji na mwenye mali walikuwa mtu mmoja. Katika mali ya umma mambo hayako hivyo. Mwenye mali ni raia, mwandishi wa daftari ni afisa wa serikali, na baina yao pana lango, mlinzi, kaunta na lugha. Raia huyo akiwa maskini, umbali huo huzidi kurefuka: kuna nauli ya kufika ofisini, kuna kibarua cha siku nzima atakachokipoteza, na kuna hati ambayo hata akikabidhiwa hataielewa.

Makala haya yanachunguza umbali huo kwa jicho la lugha na fasihi. Hoja inayotetewa ni kwamba serikali haiwi wazi kwa maskini kwa kuchapisha hati peke yake. Huwa wazi pale hati inaposomwa kwa sauti, kwa lugha ya wanaohusika, mbele ya yule aliyeiandika, naye akatakiwa kujibu papo hapo. Ili hoja hii isibaki hewani, makala yanarejelea tajiriba mbili zinazohusiana: ya vibarua wa Rajasthan nchini India, na ya wakazi wa Changamwe, Mombasa, waliojifunza kutoka kwao.

Neno lenyewe

Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinataja uwazi na uwajibikaji miongoni mwa maadili ya kitaifa na kanuni za utawala. Kifungu cha 201 kinayarudia mambo hayo hayo kuhusu fedha za umma. Maneno haya sasa yamezoeleka mno katika hotuba hivi kwamba ni nadra mtu kuyachunguza.

Tuanze na 'uwajibikaji'. Kitenzi 'wajibika' kina umbo la kauli ya kutendeka. Mtu anaweza kuwajibika pasipo kutajwa anayemdai. Sentensi 'Waziri amewajibika' imekamilika kisarufi. Haimuulizi waziri amewajibika mbele ya nani. Kitenzi 'wajibisha' ni tofauti. Hicho hakikamiliki bila watu wawili, mwenye kuwajibisha na mwenye kuwajibishwa. Haishangazi basi kwamba lugha ya ofisini hulipenda neno la kwanza, ilhali la pili husikika zaidi vinywani mwa wanaoandamana.

Kuna jambo jingine la kuvutia. Nomino 'wajibu' na kitenzi 'jibu' zote zina asili ya Kiarabu, lakini mizizi yake si mmoja. Kuzihusisha kietimolojia ni kosa. Hata hivyo, sikio la Mswahili halifuati kamusi za Kiarabu. Kwa kuwa vitenzi vya mkopo vya aina ya 'jibu' havibadiliki mwishoni katika dhamira tegemezi, umbo 'wajibu' ni nomino yenye maana ya jukumu, na papo hapo ni kitenzi: (wao) wajibu, yaani na watoe jibu. Sadfa hii ya umbo inasema juu ya serikali na raia jambo ambalo fasili nyingi za kitaalamu hazilisemi.

Neno 'hesabu' nalo lina uzito wake. Katika matumizi ya Waswahili hesabu si tarakimu tu. Ni siku ambayo kila mmoja atasimama aulizwe. Vibarua wa Rajasthan walipobuni wito wao wa kudai haki, waliuweka katika maneno manne ya Kihindi: 'Hamara paisa, hamara hisab'. Maana yake ni kwamba pesa ni zetu, hesabu ni yetu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani sana hapo. 'Pesa' ililetwa na biashara ya Bahari Hindi, na 'hisab' ya Kihindi na 'hesabu' ya Kiswahili zimechotwa katika kisima kimoja cha Kiarabu.

Kutoka Rajasthan

Shirika la Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, yaani umoja wa nguvu za wafanyakazi na wakulima, lilianzishwa mwaka 1990 katika jimbo la Rajasthan. Miongoni mwa waasisi wake walikuwa Aruna Roy, aliyeacha utumishi wa serikali, Nikhil Dey na Shankar Singh, mwigizaji hodari wa vikaragosi. Tatizo lililowakabili lilikuwa dogo kwa sura: watu waliofanya kazi katika miradi ya serikali ya kukabili ukame walilipwa chini ya ujira wa kisheria. Walipolalamika waliambiwa kwamba orodha za vibarua zinaonyesha kazi waliyofanya ni kidogo. Walipotaka kuziona orodha hizo waliambiwa ni siri ya serikali. Sheria ya siri iliyokuwa ikitumika India ni ya mwaka 1923, ya enzi ya Mwingereza. Kenya nayo ina ya kwake, Sura ya 187 ya Sheria za Kenya, ya mwaka 1968, na undugu wa sheria hizo mbili hauhitaji kuthibitishwa.

Mnamo Disemba 1994, katika kijiji cha Kot Kirana, shirika hilo liliitisha kikao cha kwanza cha aina yake, 'jan sunwai', yaani usikizaji wa umma. Orodha zilizokuwa zimepatikana zilisomwa kwa sauti mbele ya wanakijiji, jina kwa jina, malipo kwa malipo. Hapo ndipo karatasi ilipokutana na kumbukumbu. Katika vikao vya aina hii ilibainika kwamba wako waliolipwa kwenye karatasi ilhali hawakuwahi kushika jembe katika mradi huo, na wengine walikuwa wamekwisha kufa. Mkaguzi kutoka mjini angeiona orodha hiyo kuwa imejazwa vizuri, sahihi na alama za vidole zote zikiwa mahali pake. Kijiji kiliisikia tu na kujua.

Wanafunzi wa fasihi simulizi watalitambua tukio hili upesi. Fanani yupo, naye ni msomaji wa orodha. Hadhira ipo, na si hadhira ya kusikiliza kimya. Bila itikio lake utendaji haukamiliki, kama ambavyo mtambaji hawezi kuendelea mpaka aitikiwe 'Pakawa!' Tofauti ni kwamba hapa itikio ni ushahidi. Jina likitajwa, kijiji huitikia kwamba yupo, au alihama, au kaburi lake ni lile pale. Kutojua kusoma si kizuizi tena, kwa maana kinachohitajika ni kuwajua majirani, na hilo maskini wanalijua kuliko afisa yeyote.

Harakati hizo, pamoja na nyingine nyingi, zilichangia kuzaliwa kwa sheria ya haki ya habari ya India ya mwaka 2005. Sheria hiyo iliwaondolea ada watu walio chini ya mstari wa umaskini. Sheria ya ajira za mashambani ya mwaka huo huo ikaufanya ukaguzi wa kijamii kuwa sehemu ya mpango wenyewe.

Hadi Changamwe

Kenya ilikuwa na fumbo lake. Sheria ya mwaka 2003 ilianzisha Hazina ya Ustawi wa Maeneo-bunge, ambayo wengi wameizoea kwa jina la CDF, na kuitengea angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Robo tatu ya fedha za maeneo-bunge iligawanywa sawasawa, na robo iliyosalia ikagawanywa kwa kuzingatia kiwango cha umaskini. Kwa maneno mengine, maskini alihesabiwa wakati wa kugawa fedha. Wakati wa kukagua zilivyotumiwa hakuwa na nafasi yoyote ya kisheria ya kuona hata risiti. (Msingi wa kikatiba wa hazina hiyo umebishaniwa mahakamani kwa miaka mingi, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria yake ya mwaka 2013, hilo ni suala jingine.)

Mwaka 2007 shirika la haki za binadamu la MUHURI, lenye makao Mombasa, liliendesha ukaguzi wa kijamii katika eneo-bunge la Changamwe kwa msaada wa mafunzo kutoka kwa wenzao wa Rajasthan. Wakazi wa kawaida walifundishwa kusoma hati za miradi, wakaenda kuitazama miradi yenyewe, wakalinganisha, kisha matokeo yakapelekwa katika kikao cha hadhara. Vijana walipita mitaani kwa ngoma na maigizo kuwaita watu. Wakati huo Kenya haikuwa na sheria ya kupata habari, kwa hivyo hati zilipatikana kwa kuomba na kushawishi, wala si kwa kudai.

Kinachostahili kumshughulisha mwanaisimu katika kazi ya namna hii ni tafsiri inayofanyika, ambayo si ya Kiingereza kuwa Kiswahili tu. Hati ya mradi husema, kwa mfano, kwamba fedha zilitumika, ukuta ulikamilika, vifaa vilinunuliwa. Kauli ya kutendeka na ya kutendwa zimemficha mtenda nyuma ya mtendwa. Mkazi aliyesimama mbele ya ukuta usiokamilika hawezi kuuliza swali lake kwa kauli hizo. Ni lazima airudishe sentensi katika kauli ya kutenda: nani alizitumia, nani aliununua mchanga huu, nani aliyetia sahihi kwamba kazi imekwisha? Mabadiliko hayo madogo ya sarufi ndiyo uwajibishaji wenyewe. Ni muhali kumwajibisha mtu ambaye sentensi imemfuta.

Baraza la nani?

Si kila mkutano wa hadhara unaotenda kazi hii. Neno 'baraza' lina historia mbili. Katika miji ya pwani, baraza ni kibao cha mawe mbele ya nyumba, mahali pa mazungumzo na mabishano. Ni vyema kukumbuka kwamba aghalabu lilikuwa la wanaume. Bara, chini ya ukoloni na baadaye, baraza likawa mkutano wa chifu, ambapo amri husomwa na watu wakaketi nyasini wakapiga makofi. Vikao vingi vya leo vinavyoitwa vya kushirikisha umma vimerithi baraza hili la pili. Makadirio hutolewa kwa Kiingereza, afisa huyafupisha kwa Kiswahili cha haraka, wenyeji huomba barabara na zahanati, orodha ya waliohudhuria hutiwa sahihi, na sahihi hizo huwa ushahidi kwamba umma ulishirikishwa. Hapo maskini ametumiwa kuikamilisha karatasi, wala hakupewa nafasi ya kuikosoa.

Tamthilia ya Kiswahili imeuona udhalimu wa aina hii mapema. Katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege (2009), wafanyakazi wa baraza la Cheneo wanadai haki yao na zahanati haina dawa, ilhali viongozi wanastarehe. Katika Kigogo ya Pauline Kea, kufungwa kwa soko la Chapakazi kunawanyima wachuuzi riziki yao. Kazi hizi zimefaulu kuonyesha kiburi cha watawala na ghadhabu ya watawaliwa. Hata hivyo, mgogoro wake huelekea zaidi kwenye maandamano na kuanguka kwa kiongozi kuliko kwenye daftari lenyewe. Mhusika anayeketi na hati akaisoma mstari kwa mstari mbele ya wanakijiji bado ni nadra katika jukwaa letu, ingawa Changamwe imeonyesha kwamba tukio hilo lina tamthilia ya kutosha ndani yake.

Sheria na lugha yake

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya mwaka 2016 iliyotungwa kukitekeleza kifungu hicho ina mambo ambayo hayajulikani inavyostahili hata miongoni mwa wasomi wa Kiswahili. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kusoma na kuandika hapaswi kurudishwa nyumbani. Afisa wa habari anatakiwa kumsaidia, aliandike ombi lake na kumpa nakala. Uamuzi hutakiwa kutolewa ndani ya siku 21, au saa 48 iwapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Kuwasilisha ombi hakutozwi ada. Anayenyimwa anaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama ofisi ya Ombudsman. Zaidi ya hayo, sheria inataka habari zinazotolewa na taasisi za umma zizingatie gharama, lugha ya mahali na njia ya mawasiliano inayofaa zaidi mahali hapo.

Kifungu hicho cha lugha ya mahali ndicho kilichosahauliwa zaidi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu huandikwa kwa Kiingereza. Hutangazwa, hunukuliwa magazetini, na mtu akisema kwamba zimefichwa atakuwa amedanganya. Lakini mama anayeuza samaki Likoni hawezi kuulizia aya ya ripoti inayohusu soko lake ikiwa hajui kwamba aya hiyo ipo. Nguvu nyingi zimetumika kubuni istilahi za Kiswahili za kompyuta na za isimu, na kazi hiyo ina faida yake. Istilahi za zabuni, za makadirio ya ziada, za madeni yasiyolipwa na za orodha ya vifaa na gharama hazijapata bidii kama hiyo, na pale zilipo hutofautiana kutoka kaunti hadi kaunti.

Utafiti wa nyanjani haungekuwa wa gharama kubwa. Mtafiti angehudhuria vikao vya bajeti vya wadi moja, arekodi kwa idhini, kisha ahesabu: ni maswali mangapi yaliyoulizwa kwa kauli ya kutenda, na ni mangapi kati yake yaliyojibiwa kwa kauli hiyo hiyo? Kenya ina wadi 1,450, na mwaka wa fedha hufungwa Juni 30.