Mursik: Chupa ya Lita Moja Yatosha Kujaribia

Mama mmoja kutoka pande za Njoro alinijia akilalamika homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Alikuwa amemeza dawa za malaria mara mbili bila nafuu. Vipimo vilionyesha bruselosisi, ambayo wengi huiita brusela. Alikuwa akigandisha maziwa mabichi, kila juma kwa chachu ya jirani tofauti, akitafuta ladha ya mursik ya mamake.

Nia yake haikuwa mbaya. Ni njia iliyomponza. Hebu tuone afanyeje.

Kwanza, chemsha maziwa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari na maji huchemka karibu nyuzi 94, lakini joto hilo latosha kuua viini vya brusela na vya kifua kikuu. Uchachu pekee si wa kutegemewa.

Pili, usijaribie katika kibuyu cha zamani. Kuta zake huhifadhi bakteria na hamira za maziwa yaliyotangulia, kwa hivyo hutajua ni chachu ipi iliyofanya kazi. Tumia chupa za kioo zenye mdomo mpana, zilizooshwa kwa maji yaliyochemka.

Tatu, chagua ukubwa. Chupa ya robo lita hupoa upesi mno usiku wa baridi, na chachu hulala. Ndoo ya lita kumi ikiharibika, umemwaga maziwa ya siku nzima. Lita moja ni kadiri nzuri. Chupa zote ziwe sawa, zifunikwe kwa blanketi moja, ama sivyo utalinganisha baridi badala ya chachu.

Jaza robo tatu tu, kwani hamira hutoa gesi. Usikaze kifuniko. Maziwa yakiwa vuguvugu, tia vijiko viwili vya mezani vya chachu kwa kila lita, kisha andika jina lake kwenye chupa. Onja baada ya saa 24, au 48 kukiwa na baridi. Ukiona ukungu au ukisikia harufu mbaya, mwaga.

Na chachu yenyewe? Hapa ndipo wengi hukosea. Ukichemsha maziwa kisha ukatia kijiko cha maziwa mabichi ya jirani yaliyoganda, umerudisha viini mlangoni. Anza na mala au maziwa ya mgando ya dukani yaliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Ukishaipata chachu uipendayo, ihamishie katika kibuyu kipya kilichopakwa makaa ya senetwet. Ladha ya moshi itakuwepo.

Wajawazito wawe waangalifu zaidi, kwani brusela huweza kuharibu mimba. Tiba yake huchukua majuma sita au zaidi. Kuchemsha sufuria moja ni dakika chache tu.