Nasaba zetu na nyaraka za mtandaoni: Kimya cha daftari si ushahidi

Kila siku maelfu ya watu wanashuka Kariakoo kununua, kuuza na kuswali. Wengi wao hawajui kwamba jina hilo limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Ndugu zetu wa Nairobi nao wana Kariokor yao, asili ni hiyo hiyo. Mimi nililijua hilo ukubwani, na sababu ya kulijua ni neno moja lililougawa ukoo wetu kwa vizazi vitatu. Neno lenyewe ni "mtoro".

Bibi yangu mzaa baba hakupata kumwona baba yake. Alisimuliwa na mama yake kwamba mumewe alichukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza, yeye akiwa na mimba, na hakurudi tena. Lakini kizazi cha ndugu wa mzee huyo kilikuwa na maelezo mengine. Wao walisema hakwenda vita yoyote, bali alimtoroka mkewe akaoa Bara. Kwa neno hilo watu wa damu moja waliacha kuozana na kualikana, na mara nyingine hata kuzikana. Bibi alifariki mwaka 1994 akiwa bado anaitwa mtoto wa mtoro.

Mwaka 2022 nilikaa na kijana wangu mbele ya kompyuta tukaanza kumtafuta mzee wetu. Naandika makala haya kueleza tulichojifunza, kwani naona vijana wengi wa Kiislamu siku hizi wanatafuta asili zao kwenye mtandao, na si wote wanaojua wanatafuta nini.

Tunatafuta nasaba kwa lengo gani?

Katika Suratul Hujurat, aya ya 13, Allah (SW) anatufahamisha kwamba ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele Yake ni mchamungu zaidi. Aidha, katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (SAW) ametuelekeza tujifunze katika nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu. Basi lengo ni kuunga udugu. Kujifaharisha kwa nasaba ni jambo la zama za jahiliya, na kujinasibisha kwa makusudi na asiyekuwa baba yako ni dhambi kubwa.

Nasema hivyo kwa kuwa wapo wanaoingia mtandaoni kutafuta usharifu, Uarabu au Ushirazi tu. Wakikuta bibi yao wa nne alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, wanafunga kompyuta. Ndugu msomaji, aibu iko wapi hapo? Bilal (RA) alikuwa mtumwa, na ndiye aliyechaguliwa na Mtume (SAW) kuadhini. Ukimficha bibi huyo umekata udugu na kizazi chake chote.

Anza na wazee

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuandika jina la mzee wetu kwenye kompyuta kabla ya kuwauliza wazee. Tulipata majina mengi ya watu wa duniani kote, wala hakuna lililotufaa. Tukarudi kwa shangazi yangu mkubwa, tukamwomba aseme kila alichosikia kwa bibi. Alisema jambo ambalo hatukuwahi kulipa uzito: mzee alichukuliwa "baada ya Maulidi ya kwanza tangu Mwingereza aingie mjini."

Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Maulidi iliyofuata, yaani Mfungo Sita wa mwaka 1335 Hijria, iliangukia mwanzoni mwa Januari 1917. Basi kwa kauli ya bibi kizee asiyejua kusoma tarehe za Kizungu, tulipata mwezi na mwaka. Na Januari 1917 ndipo Waingereza walipoanza kusonga kuelekea Mto Rufiji, wakihitaji wapagazi kwa wingi, kisha mvua kubwa za mwaka huo zikawakuta huko. Simulizi ya nyumbani ikawa imekubaliana na historia.

Wapi pa kutafuta

Baada ya hapo ndipo mtandao ulipoanza kutufaa. Kwa waliokufa vitani ipo tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, kamisheni ya makaburi ya vita iliyoundwa mwaka 1917, yenye majina ya watu wapatao milioni 1.7 wa Vita Kuu zote mbili. Kutafuta humo ni bure. Kwa wenye jamaa Kenya, magazeti ya serikali tangu mwaka 1899 yamewekwa mtandaoni, na ndani yake mna matangazo ya mirathi yenye majina ya marehemu. Wenye asili ya Oman na Ghuba wanayo Qatar Digital Library, iliyofunguliwa mwaka 2014, yenye nyaraka za Waingereza kuhusu nchi hizo. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, nayo ilipigwa picha na kuhifadhiwa kwa mpango wa British Library.

Ipo pia FamilySearch, ambayo ni bure na ina kumbukumbu nyingi mno. Lakini Mwislamu ajue kwamba inaendeshwa na Kanisa la Wamormoni, na kanisa hilo lina ibada ya kubatiza watu kwa niaba ya wafu. Kwa itikadi yetu ibada hiyo haimdhuru marehemu wetu. Hata hivyo, mimi nasoma kumbukumbu zao wala siwapi majina ya wazee wangu.

Usidhani kuwa kila kitu kimo mtandaoni. Nyaraka nyingi za Zanzibar ziko pale Kilimani, na za Bara ziko Nyaraka za Taifa, nazo zinataka miguu yako na subira yako.

Jihadhari pia na tahajia. Karani Mjerumani aliandika Udjidji badala ya Ujiji, Bagamojo badala ya Bagamoyo, na Juma wake huenda akawa Djuma. Karani Mwingereza aliweka "s/o" mahali pa "bin". Tafuta jina moja kwa sura zake zote.

Chunguza kabla ya kusadiki

Hujurat aya ya 6 inatuamuru tuchunguze habari kabla ya kuifanyia kazi. Wanazuoni wa hadithi walimuuliza kila mpokezi: umesikia kwa nani, ulikuwepo, unaaminika? Daftari nalo liulizwe hivyo hivyo. Nani aliliandika, kwa faida ya nani, na alimwona mtu huyo au alisikia tu?

Kwenye tovuti ya makaburi ya vita tulikuta majina yanayofanana na la mzee wetu. Kijana wangu alifurahi, akataka kuchukua mojawapo na kumaliza kazi. Nilimkatalia. Jina peke yake halitoshi, kwani akina Juma na Salum wa pwani hawana idadi. Tulitaka mambo matatu yakubaliane: jina, mahali na wakati. Hatukupata hata mmoja aliyetimiza. Mzee wetu hakuwemo.

Hapo shetani akanijia. Nikajisemea, je, si ndiyo dalili kwamba wale wa upande wa pili walisema kweli? Kama alikufa vitani, mbona hakuandikwa?

Jibu nililipata katika ripoti ya kamati iliyoundwa na kamisheni hiyo yenyewe, iliyotolewa Aprili 2021. Ilieleza kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza wakilitumikia jeshi la Waingereza, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa Afrika Mashariki ni miongoni mwao. Kamisheni iliomba radhi, na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni.

Wapagazi wengi waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na njaa kuliko risasi. Ukipita pale kwenye Sanamu ya Askari, katikati ya jiji la Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, utaona maandishi yanawataja wapagazi kwa ujumla wao. Hakuna jina la mpagazi hata mmoja.

Basi kukosekana kwa jina la mzee wetu hakuthibitishi kwamba alitoroka. Ni kweli pia kwamba hakuthibitishi kuwa alikufa Rufiji, nami siwezi kudai hivyo. Daftari limenyamaza, na kimya chake si ushahidi kwa upande wowote. Fiqhi yetu inalijua jambo hili. Mtu aliyepotea bila habari anaitwa mafquud, na ana hukumu zake: mali yake hairithiwi kwa uvumi tu, mpaka kifo chake kithibitike au kadhi ahukumu. Ikiwa mali yake ina ulinzi huo, heshima yake je?

Neno limefutwa

Nilichukua karatasi zangu nikaenda kwa wazee wa upande wa pili. Tulikaa kwenye mkeka baada ya swala ya Alasiri. Niliwaeleza habari ya Maulidi, ya Januari 1917, ya ripoti, na niliwaambia wazi kwamba jina sikulipata. Kisha nikawauliza habari ya kutoroka waliipata kwa nani. Kila mmoja alisema aliisikia kwa mkubwa wake, na hapakuwa na aliyemtaja mtu aliyemwona mzee yule huko Bara.

Mzee mmoja alinyamaza kitambo, halafu akasema: "Basi sisi tumemsema marehemu kwa jambo tusilolijua." Hiyo ndiyo Hujurat aya ya 12, inayotukataza dhana na kusengenyana. Tulimwombea dua mzee wetu, tukaombana radhi. Harusi iliyofuata katika ukoo walikuja, na sisi tulikwenda kwao walipofiwa.

Ndugu msomaji, Ijumaa hii baada ya swala, mwendee mzee wako mmoja na daftari. Muulize majina, mahali, na mwezi wa mfungo gani. Mtandao utaukuta tu ukirudi, lakini mzee huenda usimkute.

Wabillahi tawfiq.