Breki ya Mbele Iliyolegea: Usikimbilie Kukaza Nati

Ndugu mkulima, katika skimu nyingi siku hizi pikipiki ndiyo punda wa nyumba. Hupeleka maziwa kwenye chama cha ushirika, huleta mbolea, na usiku humfikisha mgonjwa zahanati. Tena njia zetu ni za miteremko. Kwa hiyo somo la mwezi huu ni juu ya breki ya mbele, ile ya dramu inayovutwa kwa waya. Kama pikipiki yako ina breki ya diski na mafuta, somo hili si lake. Ipeleke kwa fundi.

KWA NINI BREKI YA MBELE?

Pikipiki inapofunga breki, uzito mwingi huegemea mbele. Gurudumu la nyuma huwa jepesi na huteleza upesi. La mbele hukandamiza ardhi na kushika. Katika mteremko jambo hili huzidi.

Tufanye hesabu kidogo. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa, ikiwa na breki nzuri katika barabara kavu ya tambarare, yaweza kusimama katika mita 12 hivi tangu breki iliposhika. Nguvu ya kusimamisha ikipungua nusu, itahitaji mita 25. Mtoto aliyekatiza njia mita 15 mbele yako yuko katikati ya hesabu hizo mbili. Nawe ukiwa na lita 40 za maziwa, umeongeza kilo 41 zinazokusukuma.

NGUVU HUPOTEA WAPI?

Ukibana kishikio, waya huvuta wenzo mdogo ulio kwenye gurudumu. Wenzo huzungusha kipande cha chuma kiitwacho kemu. Kemu hutanua viatu viwili vya breki, na lainingi za viatu hivyo husugua dramu.

Watu wengi breki ikilegea hukaza nati ya waya, basi. Lakini mfereji wenye matundu hauponi kwa kufungulia maji zaidi kule juu. Hupona kwa kuziba matundu. Nati huondoa ulegevu wa waya tu. Nguvu iliyopotea njiani huirudishi kwa nati.

Shida hii si yetu peke yetu. Huko Uingereza kuna mashindano ya pikipiki ya kupita penye mawe, matope na vijito, ambayo hashindi mwenye mbio bali yule asiyeteremsha mguu chini. Kabla ya breki za diski kuenea, pikipiki hizo nazo zilikuwa na dramu ndogo mbele, na waendeshaji wake hutafuta nguvu iliyopotea kipande kwa kipande. Nasi tufanye hivyo hivyo.

KAZI YENYEWE

1. Waya. Ufungue pande zote mbili. Ukiona nyuzi zimekatika, hata moja, nunua mwingine. Kama ni mzima, uning'inize na kutia mafuta mepesi juu, tone kwa tone, mpaka yatokee chini. Ukiurudisha, usiupinde kwa nguvu. Geuza usukani kushoto na kulia mpaka mwisho, waya usivutike.

2. Usafi wa ndani. Toa gurudumu na bamba la breki. Usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa pampu, kwa maana lainingi za zamani huenda zina asbesto, nayo hudhuru mapafu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji.

3. Viatu. Pima lainingi mahali palipo pembamba kuliko pote. Pikipiki nyingi huhesabiwa zimefika mwisho zikibaki milimita 2. Fuata kitabu cha pikipiki yako. Lainingi iliyolowa mafuta au grisi haiponi, hata ukiichoma au kuiosha. Badilisha viatu vyote viwili pamoja, na kwanza uzuie mahali mafuta yanapotoka. Kama ni nzima lakini inang'aa kama kioo, isugue kidogo kwa msasa.

4. Dramu. Ioshe kwa spiriti, mbali na moto, kisha uisugue kwa msasa kuondoa mng'ao. Dramu nyingi zimeandikwa kipimo cha mwisho cha upana wake. Ikiwa imepita kipimo hicho au ina mifereji ya kushika ukucha, haifai tena.

5. Kemu. Itoe, isafishe, uipake grisi kidogo sana, ile isiyoyeyuka kwa joto. Grisi nyingi itafika kwenye lainingi, na kazi yote itakuwa bure.

6. Pembe ya wenzo. Hapa ndipo wengi hupoteza nguvu bila kujua. Breki inaposhika, waya na wenzo vifanye pembe mraba, yaani digrii 90, kama kona ya daftari. Pembe ikiwa digrii 45 au 135, nguvu inayofika kwenye kemu ni kama sehemu 7 tu katika 10. Wenzo mwingi waweza kutolewa na kusogezwa jino moja. Weka alama kwanza ili ujue ulikotoka. Lakini angalia sana: usisogeze wenzo ili kuficha viatu vilivyokwisha. Kemu ikizunguka kupita kiasi yaweza kukwama, na gurudumu likajifunga.

7. Kuweka viatu katikati. Rudisha gurudumu. Hakikisha bamba la breki limeshikwa barabara na kizuizi chake kwenye uma. Lisiposhikwa litazunguka pamoja na gurudumu, nawe utaanguka. Kabla ya kukaza nati ya ekseli, zungusha gurudumu, bana breki kwa nguvu, na huku umebana, mwenzako aikaze nati. Hivyo viatu vyote viwili hugusa dramu sawasawa.

8. Sasa ndiyo zamu ya nati ya waya. Acha ncha ya kishikio icheze milimita 10 mpaka 20, au kama kitabu kisemavyo. Gurudumu lizunguke bila kukwaruza.

KUJARIBU

Jaribu mahali tambarare, bila mzigo wala abiria, kwa mwendo wa polepole. Viatu vipya havishiki vizuri siku ya kwanza. Funga breki taratibu mara nyingi mpaka vizoeane na dramu. Usiteremke na maziwa kabla ya hapo.

Kumbuka pia kwamba breki yenye nguvu hutaka mkono wa adabu. Penye matope bana kidogo kidogo, maana gurudumu la mbele likiteleza huangusha mara moja. Mteremkoni tumia gia ndogo ili injini isaidie. Ukivuka mto, maji huingia katika dramu. Enda polepole huku umebana kidogo mpaka ikauke.

Kama baada ya haya yote breki bado ni dhaifu, au hukuelewa hatua mojawapo, mwite fundi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mguu uliovunjika wakati wa kupanda.

MASWALI

1. Kwa nini gurudumu la mbele hushika zaidi kuliko la nyuma?
2. Nati ya waya huondoa nini, na haiwezi kurudisha nini?
3. Lainingi iliyolowa grisi hufanywaje?
4. Waya na wenzo vifanye pembe gani breki inaposhika?
5. Leo jioni, pima lainingi za pikipiki yako. Zimebaki milimita ngapi?